Uji wa Mama Mkwe

Wanyama hakuogopa kisu. Aliogopa kumkatalia mama mkwe, na hofu hiyo nusura imzike.

Daktari Otiende alikuwa amemkata kansa ya umio, njia ya chakula, akavuta tumbo juu kifuani na kulishona na umio uliobaki. Juu ya mshono akaviringisha utando wa mafuta kutoka tumboni, kama mtu anavyofunga kitambaa penye bomba linalovuja. "Mshono ukivuja, utando utazuia," alisema. "Lakini hata tone la maji lisipite mdomoni mpaka niseme mimi."

Kisha Nanzala, mama wa mkewe, akafika kutoka Turbo, kwenye shamba ambalo familia yake ilinunua mlowezi wa Kizungu alipouza na kwenda zake. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani, seuze mkwe akiwa kifua wazi. Nanzala alibaki barazani, akaipa wodi mgongo, akamtuma binti yake Nasike, mke wa Wanyama, na kikombe cha uji wa wimbi.

"Ukirudisha, mama atajua umemkataa," Nasike alinong'ona.

Chakula cha mama mkwe hakirudishwi. Wanyama alikunywa kidogo kidogo, akajiona mkwe wa maana. Mjinga kweli.

Kesho yake homa ilipanda, na mrija wa kifuani ukatoa maji ya rangi ya wimbi. Daktari alimkagua kwa muda mrefu.

"Bahati yako utando umeshika. Mshono umevuja, lakini uji haujatawanyika kifuani. Utapona." Akamgeukia nesi Hulda. "Jana zamu ilikuwa yako. Umemlisha wewe. Leo unavua hiyo yunifomu."

"Si mimi, daktari," Hulda alisema, machozi yakimtoka.

Huyu ndiye aliyemgeuza Wanyama kitandani na kumfuta jasho. Neno moja lingemwokoa. Lakini kumtaja mama mkwe mbele ya watu ilikuwa kumvua nguo. Wanyama alifumba macho, akajifanya amelala. Aibu ilimchoma kuliko kile kidonda.

Akasikia nyayo za mtu mzima zikiingia wodini kutoka barazani. Alipofumbua macho, Nanzala alikuwa amesimama kando ya kitanda, anamtazama uso kwa uso, pamoja na kifua chake kilicho wazi na mirija yote.

"Uji ni wangu, daktari. Sikujua amekatazwa. Mwachilie huyo msichana."

Kisha akainama.

"Na wewe, baba, huo mdomo ulikuwa wa kunywea tu?"

Wanyama alipapasa shuka ajifunike. Mkono haukufika, na Nanzala hakugeuka.