Mbuzi Mmoja wa Mheshimiwa

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimekwenda benki kutafuta dola hamsini. Hilo peke yake si la ajabu, maana hata nikiwa macho nimeshakwenda mara tatu. Mke wangu, Mwanahawa, ana presha ya macho, na dawa yake ya matone inatoka nje ya nchi. Kila nikipita duka la dawa naambiwa, "Fundi, dola zimeadimika, mzigo haujaagizwa." Mwezi wa pili huu Mwanahawa anatafuta kikombe cha chai kwa vidole.

Kwenye ndoto benki haikuwa na foleni. Dirishani alikaa muhuri, ule wa mpini wa mbao, amevaa tai.

"Karibu mzee. Shida?"

"Nataka dola."

"Unataka kushika dola?"

"Nikiipata nitaishika," nikasema.

Muhuri akanitazama juu mpaka chini. "Kwa chama gani?"

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, na chama pekee nilicho nacho ni kile cha kuzikana cha mtaani kwetu. Akaandika. Kisha akajirusha juu ya karatasi, pa! Akarudi kitini akihema.

"Hongera. Wewe sasa ni mgombea. Mpinzani wako ni Mheshimiwa Bwatama, ambaye ndiye anayeshika dola kwa sasa. Wahi, mkutano umeshaanza."

Nageuka, benki haipo. Niko uwanja wa mpira, jua linachoma, watu wamejaa mpaka juu ya magoli. Mheshimiwa Bwatama amekaa kwenye sofa katikati ya uwanja, anajipepea kwa leso. Mwenyekiti wa mkutano, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, anasoma sheria: kila mgombea atatamka mali zake, na asipozitamka, mali zitajitamka zenyewe.

"Tunaanza na zenyewe," akasema, "ili kuokoa muda."

Cherehani changu kikaingia kikichechemea. "Mimi ni wa fundi," kikasema. "Mguu wangu mmoja umefungwa waya. Anajua, hajali." Kikafuata kitanda chetu, kikasema hakina la kuongeza. Watu wakapiga makofi kidogo, ya huruma.

"Zamu ya Mheshimiwa!"

Akaingia mbuzi mmoja mweupe, mnene kupita kiasi, tumbo linaburuzika kwenye majani. "Niko peke yangu," akasema. "Hana kingine."

Uwanja mzima ukaguna.

Hapo ghorofa la vioo likaingia kwa geti la nyuma, limejiinua kidogo kama mtu anayevuka dimbwi. Likafuatwa na kituo cha mafuta, pampu zake nne zikitembea kwa mstari.

"Msituangalie hivyo," ghorofa likasema. "Sisi si wake. Sisi ni wa mama mkwe wake."

"Wangu mimi?" Kule jukwaani akasimama bibi mmoja mfupi, Bi Mwajabu, huyo mama mkwe mwenyewe. "Jamani, mimi napikia kuni! Hata mafuta ya kibatari naazima kwa jirani!"

Ghorofa likashusha mapazia yote kwa aibu.

Watu wakaanza kuimba: "Dola ziko wapi? Dola ziko wapi?" Mheshimiwa Bwatama akaeleza kwa upole kwamba zimeadimika dunia nzima, hata yeye huzisikia redioni tu. Mbuzi akakohoa. Ikatoka noti ya dola, imelowa mate, ikaanguka majanini. Akakohoa tena, zikatoka mbili.

"Ni kifua tu," Mheshimiwa akasema.

"Si kifua," mbuzi akasema. "Ni tumbo. Fomu ya mali iliuliza mbuzi ni wangapi. Haikuuliza wamekula nini."

Kati ya watu wote wale, mbuzi akanijia mimi. Akapanua mdomo. Ndani naona noti zimepangwa mpaka kooni, zimekunjwa vizuri kama vitambaa dukani.

"Chukua hamsini zako, fundi. Ila ukichukua, mimi nitakuwa mbuzi wako. Utaniandika wewe."

Nikamfikiria Mwanahawa na kikombe chake. Sikufikiri sana. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo.

"Na huyu naye!" akapiga kelele mwanamke mmoja.

"Na huyu naye!" uwanja ukaitikia, na mwenyekiti akapuliza filimbi.

"Ni za dawa ya mke wangu!" nikasema kwa sauti yangu yote.

Mheshimiwa Bwatama akainuka kwenye sofa, akaja mpaka karibu na sikio langu. Hakuwa na kejeli hata kidogo.

"Ndugu mgombea," akasema taratibu, "hata mimi nilianza na dawa ya mke wangu."

Mbuzi akafunga mdomo.

Nikaamka kwa maumivu. Kulikuwa kumeshakucha. Mwanahawa alikuwa amekaa kitandani, ameshika mkono wangu wa kulia, anaupapasa kwenye kifundo. Mwanahawa amekulia kwenye zizi, kwao Kongwa.

"Baba Hidaya, umeng'atwa na nini?"

"Sijang'atwa. Nilikuwa naota."

"Hapa pana alama za meno ya mbele. Ya chini tu, ya juu hayapo." Akapitisha kidole tena, polepole. "Huyu ni mbuzi. Na sisi hatufugi mbuzi."

Ikabidi nimsimulie yote, kuanzia muhuri mpaka Mheshimiwa. Akasikiliza bila kunikatiza, uso ameuelekeza dirishani kwenye mwanga.

"Sasa ulichukua au hukuchukua?"

"Mbuzi aliwahi kufunga mdomo. Sikutoka na kitu, haki ya Mungu."

Akaanza kunipapasa mifuko ya kaptula, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Wa kushoto akaurudia mara mbili.