Eda Ndani ya Gari

Somoe binti Fakihi alikuwa anakaa eda ndani ya gari, na msomaji usicheke, maana yeye mwenyewe hakuona la kuchekesha.

Lilikuwa gari jeupe, kubwa kama basi, lenye kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji na hata choo. Aliyelileta alikuwa Mgiriki, meneja wa shamba la mkonge, aliyezunguka nalo pwani yote na mkewe kila likizo, Huseni Likwata akiwa dereva wao. Mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, yule bwana alifunga virago akapanda ndege, na kwa kuwa gari halipandi ndege, akamwachia Huseni. Huseni akalipeleka kwao, kitongoji kimoja kilichojificha huko nyuma ya Kiranjeranje, akalisimamisha kando ya nyumba yake ya udongo. Watu wakaliita Jumba. Mvua zilipobomoa ile nyumba ya udongo, Huseni hakujenga nyingine. Alimwambia mkewe aingize vyungu ndani ya Jumba, na Somoe akawa mwanamke pekee wa wilaya nzima anayelala kwenye godoro la Ulaya usiku na kukatazwa kulikalia mchana.

Tuseme tu ukweli: Huseni alilipenda gari lile kuliko alivyompenda mkewe. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipima oili, akaongeza maji ya betri, akawasha injini na kulisogeza mbele na nyuma, kwa kuwa tairi likikaa mahali pamoja linaoza. Choo alikitia kufuli. Kilikuwa cha kuonyesha wageni. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, kazi hiyo ilimwangukia Somoe. Huseni alimkalisha kwenye usukani, mwenyewe akaketi pembeni na kumfokea. Funga gesi kwanza. Kaza makabati. Toa magogo kwenye magurudumu. Tangi lijae au liwe tupu, maji yakiwa nusu yanacheza na gari linayumba. Kwenye mteremko shika gia ndogo, usitegemee breki. Kwenye mchanga usisimame hata kama unamwona malaika njiani. Somoe aliyajua yote hayo kwa moyo, na safari ndefu kuliko zote aliyowahi kuendesha ilikuwa kutoka mkoroshoni hadi uani, na kurudi.

Halafu Huseni akashikwa na homa na kufa kitandani humo humo.

"Kaka amekuacha ndani ya gari, shemeji," alisema Dadi, mdogo wake marehemu, siku ya matanga. "Basi utakaa humo mpaka eda iishe. Ndiyo sheria."

Mapazia yakafungwa, madirisha yakafungwa, mjane asionekane na wanaume. Jua la kiangazi likawa linapiga bati tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri Somoe alihisi anapikwa. Aliletewa shangazi yake Huseni, Bi Tausi, mwanamke wa ugoro na maneno machache, akae naye na kumchunga. Hata kwenda uani hakukuwapo tena, kwa sababu Dadi alilivunja kufuli la choo cha ndani, akasema sasa shemeji hana sababu ya kutia mguu nje. Somoe alikuwa ametamani kukitumia choo kile miaka mingi. Sasa alikichukia, na friji alilichukia, na lile godoro pia. Alihesabu maua yaliyochapwa kwenye pazia hadi akayachukia nayo.

Siku moja walikuja wakubwa wa Operesheni. Ilikuwa mwaka ule watu walipokuwa wanahamishwa kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, nao walitaka Jumba liwe zahanati ya kijiji kipya. Somoe aliwasikia wakiligongagonga ubavuni.

"Chukueni," Dadi aliwaambia kwa upole mwingi, "lakini ndani mna mjane. Yuko edani."

Wale mabwana wakashusha sauti. Mmoja akavua kofia. Wakasema basi, mambo ya eda hawayaingilii, watakuja siku nyingine, na wakaondoka. Somoe aliona fahari kidogo siku ile, kwamba amelilinda gari la mumewe bila kusema neno. Maskini.

Wiki iliyofuata kikaja kilichomtia wazimu. Bakary, jirani wa mama yake huko Mandawa, alisimama nje ya dirisha akasema mama, Bi Asumini, ni mgonjwa, chakula kinamshinda, na anamtaja mwanawe tu. Mama huyo hakuwa na mtoto mwingine. Somoe akampigia Dadi magoti nyuma ya pazia.

"Niende nimwone tu, shemeji. Nirudi siku hiyo hiyo."

"Ukikanyaga nje, eda imevunjika," Dadi akajibu. "Na adhabu itampata kaka kaburini. Unataka kumtesa?"

Hakutaka kumtesa. Alilia, akanawa uso, akaketi. Bi Tausi alivuta ugoro wake akatazama pembeni. Bakary alirudi mara ya pili kusema mgonjwa ameacha kula, na Dadi akamfukuza kabla hajafika dirishani, ila sauti ya Bakary ilikuwa kubwa na kuta za Jumba zilikuwa nyembamba. Tangu saa ile Somoe hakuwa na wazo jingine. Mama yake anakufa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapo, na yeye amefungwa ndani ya kitu chenye magurudumu sita.

Kisha zamu ya kitongoji chao ikafika. Malori yalikuja, watu wakapakia milango, kuku na mitungi, kila mtu kwenda kwenye viwanja vipya vya barabarani. Anayebaki nyuma nyumba yake inabomolewa. Dadi akakuna kichwa. Mjane hatoki, na gari likibaki peke yake porini halitamaliza juma. Akamleta Maalimu Abdulrahmani, mzee mpole aliyefundisha chuoni, wakasimama chini ya dirisha.

Maalimu alifikiri kwa kirefu. "Mumewe alimwacha wapi?"

"Ndani ya gari, Maalimu."

"Basi nyumba yake ni gari. Nyumba ikienda naye, yeye hajatoka. Awe ndani tu."

Wanaume wakafurahi, wakaenda kutafuta trekta la kijiji. Dadi hakujua kuendesha, wala hakujua kwamba Somoe anajua, kwa kuwa Huseni aliona aibu kusema anaendeshewa na mkewe. Somoe alibaki katikati ya Jumba, mikono imelegea, akiyarudia yale maneno kimoyomoyo. Nyumba ikienda naye, yeye hajatoka.

Siku ya kuvutwa alifunga gesi, akakaza makabati, akamwaga maji yote ya tangi. Bi Tausi alimwuliza kwa nini ajisumbue kwa safari fupi namna ile. Somoe akasema ni mazoea. Dadi aliketi mbele kushika usukani, pazia likiwa kati yake na mjane, na trekta likawavuta kwa mnyororo, polepole, vikombe vikigongana kabatini, hadi barabara kuu. Kijiji kipya kilikuwa upande wa kusini. Mandawa ilikuwa kaskazini.

Hapo wakasimama. Lori moja la mizigo lilikuwa limezama mchangani nyuma yao, watu wanapiga kelele, na dereva wa trekta akafungua mnyororo akalisaidie kwanza. Dadi akateremka kwenda kusukuma.

"Tulieni hapo, narudi sasa hivi," akasema.

Ufunguo ulikuwa mahali pake, maana bila huo usukani haugeuki. Somoe alijifunika uso kwa kanga yake nyeupe, yakabaki macho tu, akapita pazia, akakalia kiti cha dereva.

"Unafanya nini, wewe mtoto?" akauliza Bi Tausi.

"Sitoki, shangazi. Nimo ndani. Shika hicho chuma hapo mlangoni."

Injini ilikohoa, ikakataa, ikakubali. Jumba likanguruma na kugeukia kaskazini, Somoe akiwa ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili na roho iko juu. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Dadi akikimbia na kiatu kimoja. Barabara ilikuwa na mashimo ambayo uani kwao hayakuwapo, na gari liliyumba kulia, likayumba kushoto, Bi Tausi akimwita Mtume kila mara. Kwenye mteremko wa korongo alishika gia ndogo, akauacha mguu mbali na breki. Chini kulikuwa na mchanga mzito. Huseni angepunguza upepo wa tairi, lakini kupunguza upepo ni lazima ushuke, na kushuka yeye hakuweza. Aliingia bila kupunguza mwendo wala kubadili gia, magurudumu ya nyuma yakatambaa upande upande, injini ikalia kama inachinjwa, na Somoe akalia nayo kwa sauti, mpaka wakapanda ng'ambo ya pili.

Mandawa alifika jua likiwa bado halijafika kichwani. Akaliingiza Jumba kati ya mikorosho, matawi yakikwaruza ile rangi nyeupe ambayo Huseni aliipangusa kwa kitambaa miaka yote, akasonga hadi miti ilipokataa. Mlango wa kibanda cha mama yake ulikuwa wazi mbele yake, karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa ndani. Bakary na majirani wakatoka.

"Mleteni humu," Somoe akasema kupitia upenyo wa mlango. "Mbebeni na kitanda chake."

Bakary akatikisa kichwa. "Haguswi, dada. Tukimgeuza tu pumzi inakata."

Somoe alisimama juu ya ngazi ya gari. Fatwa ya Maalimu ilimfikisha hapo na hapo ikaishia. Ndani ya kibanda mtu alikohoa tena. Alimfikiria Huseni kaburini, akashika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili, asishuke.

"Shuka," Bi Tausi akasema nyuma yake.

"Eda, shangazi."

"Shuka, mwanangu. Mjane anaruhusiwa mchana kwenda kwa mgonjwa wake, mradi usiku alale kwake. Mume wangu alipofariki nilikuwa namuuguza dada yangu kila siku, nikiwa edani."

Somoe akageuka. "Na Dadi hajui hilo?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyekuwa akinisindikiza."

Somoe alimtazama yule bibi kizee, asielewe, kisha akaelewa kabla hajaambiwa.

"Gari likibaki tupu, serikali ingelichukua," Bi Tausi akasema, macho chini. "Ukiwa ndani hawaligusi. Mimi naishi kwa Dadi, mwanangu. Ningesema nini?"

Kumbe yeye Somoe alikuwa kufuli la gari. Hasira ilimpanda hadi masikio yakavuma. Aliteremka ngazi, akavuka uwanja mbele ya wanaume wote wale, kanga imemwanguka mabegani, akaingia kibandani. Mama yake alikuwa amebaki mifupa na macho. Somoe akapiga magoti kwenye jamvi, akamshika mkono.

"Shikamoo, mama."

Bi Asumini hakuitikia. Alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuwa na hakika.

"Huko kwa mumeo walisema umekataa kuja," akasema.

"Sikukataa, mama. Nilikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

Somoe akafungua kinywa amweleze, lakini mama alikuwa amekwisha kufumba macho, na pumzi zake zilikuwa za mbali mbali. Akaujibu ule mkono kwa kuubana tu. Nje, Dadi alikuwa amefika juu ya trekta, na kwa sauti kubwa alikuwa anauliza nani amebaki kukaa ndani ya gari.