Neno Lilivyomhamia Mfagiaji

Jumanne, kipindi cha pili, mwalimu wa darasa la sita aliwaeleza wanafunzi kwamba neno mwalimu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni yule anayemfanya mwenzake ajue. Alieleza vizuri, maana alikuwa amekariri. Kisha akawaambia walitamke wakimtazama yeye. Watoto arobaini wakafumbua vinywa, neno likagoma kutoka. Mmoja alikohoa kwa adabu na kusema wamejaribu.

Mfagiaji alipita mlangoni na ndoo yake. Darasa zima likamwita mwalimu, bila kigugumizi. Aliitika, akaenda zake kudeki.

Kufikia saa nne hata mkuu wa shule alikuwa amejaribu. Akimtazama mwalimu, ulimi unakwama. Akimtazama mfagiaji, neno linateleza lenyewe. Alisema maneno nayo yana miguu, akaagiza chai.

Aliyejua sababu alikuwa mwalimu peke yake, na aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Yeye na mfagiaji walisoma chuo kimoja cha ualimu, na mfagiaji, mwanamke huyo, ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Mwaka wa mwisho akashika mimba. Mimba ilikuwa ya watu wawili, aliyefukuzwa ni mmoja. Hakumtaja mwenzake, alingoja ajitaje mwenyewe. Mwenzake akajikausha, akamaliza chuo kwa kusomea madaftari ya huyo huyo aliyefukuzwa. Hata maelezo ya lile neno yalitoka humo, katika mwandiko wa mwanamke.

Kikao kiliitishwa. Ikaamuliwa mwalimu aitwe Bwana, mfagiaji aitwe vile ulimi unavyotaka, na kazi zibaki zilivyo, kwa kuwa barua za ajira zilikwisha kupigwa muhuri. Mkuu akauliza kama kuna mwenye la kusema.

"Mimi sina," alisema mfagiaji. "Labda Bwana."

Bwana alitazama viatu vyake. Akasema naye hana.

Jioni mwanamke aliingia na ufagio darasani, wakawa wawili tu. Kutwa nzima Bwana alikuwa akiipanga sentensi ya kuomba msamaha, na sasa alikuwa nayo yote kichwani.

"Mwalimu," alisema, na neno likatoka safi kabisa, "pale kwenye kona pamebaki vumbi."

"Nimepaona," alijibu mwanamke, akaenda kufagia.