Tangazo la Nepi Kando ya Karai la Samaki

"Hongera, mama mtarajiwa!" simu ya Mama Odongo ilipaza sauti katikati ya wimbo wa kwaya. "Agiza nepi leo!"

Wanawake waliokuwa wakisukwa katika saluni ya Lorine, pale Nyalenda, waliangua kicheko. Mama Odongo, mjane mwenye mvi, alikuwa mlangoni akikaanga samaki aina ya ngege.

"Mama, hata wewe?" Lorine akamtania.

"Sara wa kwenye Biblia alizaa uzeeni. Mimi ni nani nikatae?"

Atieno, mke wa Odongo, hakucheka. Vidole vyake vilikwama kwenye nywele za mteja. Asubuhi hiyo, kwa intaneti ya bure ya saluni, alikuwa ametafuta nepi na dawa ya kichefuchefu. Hakuna aliyejua, hata mumewe. Mwaka jana walitangaza mapema, mimba ikatoka, wakabaki kuwaeleza watu nyumba kwa nyumba. Safari hii alitaka Odongo asikie kwanza, tena kutoka kinywani mwake.

"Ni hii intaneti," Lorine alisema akionyesha kisanduku ukutani, zawadi ya kampuni moja kubwa ya ng'ambo. "Kila tunachofungua kinapitia kwenye mitambo yao. Wanachungulia, halafu wanaturushia matangazo sote tunaoitumia. Kwa hivyo kuna mtu humu ndani..."

Macho yakaanza kuzunguka. Mama Odongo akamtazama mke wa mwanawe. Akakumbuka jinsi Atieno alivyoukimbia moshi wa samaki juzi, yeye aliyezoea kudokoa karaini.

Mara pikipiki ikasimama nje. Odongo alikuwa ametoka kushusha abiria.

"Mnacheka nini?"

"Mimi!" Mama yake akadakia. "Nimetafuta nepi. Nilitaka kujua bei. Kuna mwenye swali?"

"Mama, nepi za nini?"

"Za kukuvisha wewe, mzee wa maswali! Hebu mpeleke mkeo Dunga apunge upepo wa ziwa. Moshi wangu umemchosha."

Atieno alipanda pikipiki akiuma mdomo, hajui acheke au alie. Walipokata kona, Mama Odongo akamgeukia Lorine.

"Chomoa hicho kidudu."

"Na kwaya yako?"

"Nitaimba mwenyewe."

Akaimba kweli, akigeuza samaki kwa kila kiitikio, mpaka pikipiki iliporudi. Odongo alishuka na helmeti bado kichwani, akamwinamia mama yake sikioni. Mama Odongo alisikiliza hadi neno la mwisho, macho yamemtoka kama mtu asiyejua lolote.

"Nyathina! Mtoto wangu!" alinong'ona, akimshika mashavu kwa mikono yenye mafuta. "Kumbe! Na mimi nilikuwa wapi?"

Nyuma ya mumewe, Atieno aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Anasema nini huyo?" Lorine aliuliza kutoka ndani.

"Anataka kujua nepi ni bei gani," Mama Odongo akajibu, akauanza wimbo upya kutoka ubeti wa kwanza.