Siku Niliyomnyoa Lois

Mimi Léocadie ni msusi, saluni yangu iko mtaa wa Yeoville, na sijawahi kumwachia mteja kichwa nusu. Kwa hiyo lawama za Daktari Chepngetich nilizipokea, lakini si zote.

Ni Mkenya, mteja wangu wa miaka. Chuoni kwake anatafuta dawa ya saratani kwa kingamwili za alpaka, yaani wale askari wa damuni. Alpaka ni jamaa wa ngamia, sufu nyingi na maringo juu. Kingamwili zake ni ndogo mno, zinapenya kwenye uvimbe ambako zetu zinakwama. Mwaka ule wa 2018 alikuwa amemchoma alpaka mmoja sindano za kumfanya atengeneze kingamwili hizo, miezi miwili mizima, na sasa siku ya kutoa damu imefika. Kibali ni cha mnyama mmoja, mara moja. Bila damu hiyo, wafadhili wanafunga utafiti.

“Mama Steve,” akaniambia, “ninyolee huyo alpaka shingoni tu, kiasi cha kiganja, mshipa uonekane. Mashine ya daktari wa mifugo inamvuta sufu, anapiga mateke.”

Tukaenda shambani, nje ya mji. Alpaka wawili, wote kahawia. Lois ndiye aliyechomwa, sufu imemfunika macho. Murielle ni wa kumpa mwenzake kampani, maana alpaka hakai peke yake. Daktari Chepngetich akarudi garini kupanga chupa zake.

Nikanyoa shingoni, kiasi cha kiganja. Lois katulia tuli. Sasa niambie wewe, shingo safi, halafu usoni kichaka? Nikamkata na sufu ya usoni. Eish, mrembo! Murielle akanitazama kwa wivu mpaka nikamwonea huruma. Naye nikamkata vilevile, shingo na yote, nikawaacha wakizungukana kama mapacha.

Daktari akarudi. “Lois ni yupi?”

Yesu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tukamwita mwenye shamba. Akakuna kichwa. “Mimi namjua kwa zile nywele za usoni.”

Daktari akakaa kwenye nyasi, akalia. “Miezi miwili, Mama Steve! Miezi miwili!”

Roho iliniuma kweli. Lakini miaka kumi na tano ya saluni imenifundisha jambo moja: mteja uliyemchoma kichwa kwa dawa ya nywele hatakusahau maisha yake yote.

“Ulipokuwa unamchoma sindano, ulivaa nini?”

“Koti langu jeupe.”

“Basi vaa, uwasogelee.”

Akavaa, akasogea. Mmoja akaendelea kutafuna. Mwingine akalaza masikio, akainua kidevu, na ptuu! Majani mabichi ya tumboni yakamjaa daktari uso mzima.

“Ndiye huyu!” akapiga kelele, anacheka na kulia. “Ananichukia! Asante Mungu, ananichukia!” Akamkumbatia shingo. Lois akamtemea tena.

Daktari hakujifuta uso mpaka chupa ya mwisho ilipojaa damu na kufungwa.