Gari Lenye Pazia

Wifi yangu Miriamu ana ugonjwa mmoja: binti yake Chantal yuko Amerika. Nauita ugonjwa kwa sababu ukikaa naye hata kwa kikombe kimoja cha chai, lazima utaambukizwa. Utaambiwa Chantal ana gari. Utaambiwa Chantal hapiki, kila siku ananunua chakula kilichoiva, kwenye mfuko wa karatasi, na soda juu yake. Utaambiwa kila asubuhi kabla ya kazi anapitia kwenye jumba la mazoezi kama mke wa mkubwa. Sisi wakimbizi wa kambi ya Nakivale mazoezi yetu ni jembe na madumu ya maji, kwa hiyo majirani huguna kwa kijicho, na Miriamu hunenepa palepale tukimtazama.

"Hata gari yake iko na pazia," alitangaza Jumapili moja tukitoka kanisani. "Kitenge, pande zote! Muniambie, ni waziri gani wa hapa Uganda anafungaka pazia mu gari?"

Hatukumjua waziri wa namna hiyo. Hata mimi, Pélagie, dada wa marehemu mume wake, muuza maharagwe ambaye watu humwita Shangazi Domo, siku hiyo niliguna tu kama wengine.

Basi mdogo wake Chantal, Muhirwa, akapenda. Alimpenda Uwamahoro, binti wa mzee Kabanda, na Kabanda si mtu wa kuendea mikono mitupu. Ni mfugaji aliyekimbia vita akaacha kundi zima katika milima ya kwetu ya Minembwe, na hadi leo akizungumzia ng'ombe hushusha sauti kama anayezungumzia watoto. Muhirwa alikuwa na mtamba mmoja tu. Lakini Miriamu alikwisha kuzunguka kijiji kizima akisema mahari itatoka Amerika, na maneno hayo yakamfikia Kabanda. Akaleta jibu: atakuja Jumamosi na ndugu zake, lakini ahadi ataisikia kwa mdomo wa Chantal mwenyewe. Asipoisikia, binti yake yuko nyumbani na ana wachumba wengine.

Jumamosi alasiri tulikusanyika uani kwa Miriamu. Viti tuliazima kanisani, maziwa yalikuwepo, na simu ya Muhirwa tuliiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya meza ili kila mtu aone. Kule kwa Chantal ilikuwa asubuhi. Chantal akatokea, amenona, anacheka, yuko ndani ya gari kama kawaida. Wanawake wakashangilia. Miriamu akamtazama Kabanda kana kwamba gari lile alilizaa yeye.

Mimi nilikaa karibu na simu kwa sababu macho yangu siku hizi hayaoni mbali. Nikaona vioo vimejaa ukungu kwa ndani, kama dirisha la chumba walicholala watu. Nikaona miswaki miwili kwenye kikombe karibu na usukani, na shati la shule la mtoto limetundikwa juu ya mlango. Nyuma ya Chantal kitenge kilikuwa kimefungwa bado. Chini ya kitenge Ntwari, mtoto wa Chantal, alikuwa amelala chini ya blanketi, viatu vyake amevilalia kichwani.

 Nilipofika Nakivale mara ya kwanza nililala chini ya turubai na watoto wangu, msimu mzima wa mvua. Najua mtu asiye na mlango anavyopanga vitu vyake: vyote hukaa pale mkono unapofika, na viatu havivuliwi vikaachwa mbali. Hilo halikuwa gari la mtu anayeenda kazini.

Kabanda akakohoa. "Binti, mama yako anasema ngombe za Muhirwa ni weye utazileta. Ni kweli ao ni maneno ya wanawake?"

Chantal alishika usukani. Kisha akacheka tena, safari hii kwa nguvu mno.

"Ni kweli, muzee. Musiogope. Nitauzisha hii gari. Mwezi hautaisha, ngombe zitakuwa hapo."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. "Anauzisha juu anataka kununua kubwa!" Miriamu alipiga kelele, akasimama kucheza. Mimi sikupiga kigelegele. Nilinyoosha mkono nikaichukua simu pale mezani.

"Chantal, usiuzishe hiyo gari."

"Shangazi, ni gari tu."

"Ukiiuzisha, Ntwari atalala wapi?"

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Miriamu alinijia mbio, macho mekundu. "Pélagie! Wivu wako unakuja kuharibu siku ya mutoto wangu!"

"Niache, wifi. Chantal, nijibu. Munalalaka fasi gani?"

Aligeuka kumtazama mtoto, kisha akashusha sauti kama asiyetaka kumwamsha.

"Humu, Shangazi. Tangu baridi ilianza. Nyumba walipandisha bei, nikashindwa. Ninatumika, kila siku niko kwa kazi, lakini mushahara haienei. Pale kwa mazoezi ni kuoga tunaendaka. Na fasi ya kupikia hakuna, njo maana tunanunuaka chakula."

"Na juu ya nini hukutuambia?"

"Ningesema nini? Munanionaka mu gari, munafurahi."

Nilikasirika. Niliikasirikia nchi ile ambako, wanavyosimulia waliofika, hata gari hujengewa chumba chake, halafu mtu na mwanawe wanaishi ndani ya gari. Nilitukasirikia na sisi, tuliokaa chini ya mabati yetu, sufuria motoni, tukimwonea wivu mtoto asiye na jiko.

Miriamu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kitenge amekivuta hadi machoni. Ndugu zake Kabanda wakaanza kunong'onezana. Nikasema kabla hawajamaliza.

"Chantal, mficha uchi hazai. Kuna nyumba unaweza kupata?"

"Kuna mama mumoja wa kwetu, Constance, iko na chumba anapangisha. Lakini anataka malipo ya kwanza mbele."

"Basi sikiliza. Muzee Kabanda, munisamehe. Mahari itangoja. Leo tunamuremera Chantal."

Kwetu milimani, mtu akipoteza ng'ombe zake kwa vita au kwa ugonjwa, ndugu na majirani hukusanyika, na kila mwenye uwezo humpa ng'ombe aanze upya. Huko ndiko kuremera. Si sadaka, na anayepewa hainamishi kichwa, maana kesho zamu itakuwa ya mwingine. Lakini sijawahi kusikia mtu wa kambini akimremera mtu wa Amerika, na kwa jinsi watu walivyonitazama, nao hawakuwahi.

"Hapana, Shangazi," Chantal alisema akilia. "Ni haya."

"Haya ni ya mwizi. Weye umeiba nini?"

Muhirwa akasimama. Kijana yule alijua anachokitupa. Alimtazama Kabanda, kisha simu. "Dada, mtamba wangu atangulie."

Kabanda naye akasimama, akachukua fimbo yake. Nilijua harusi imekufa, na Muhirwa alijua, maana alifumba macho. Lakini mzee hakuelekea njiani. Alikuja hadi kwenye simu, akainama karibu sana, kama wazee wanavyofanya.

"Binti, kule Minembwe niliacha zote. Nilifika hapa na hii fimbo tu. Batu ba kanisa hii njo baliniremera. Nitaongeza ndama dume." Akainuka, akamgeukia Muhirwa. "Na weye, zangu nitazingoja. Lakini usifikiri nimesamehe hata moja!"

Watu wakacheka, hata Chantal, na Ntwari akaamka akauliza kwa Kiingereza kulikuwa na nini.

Wanunuzi walikuja kutoka Kikagate, wakachukua mtamba na ndama. Kanisa likaongeza lake. Siku ya kwenda mjini Mbarara nilifuatana na Miriamu, na njia nzima hadi Kabingo hakufungua mdomo. Nilikaribia kuukumbuka ule ugonjwa wake wa zamani.

Mjini tuliingia kwenye duka la kutuma na kupokea pesa. Foleni ya kupokea ilifika mlangoni, na nyuso kadhaa nilizijua, za watu wa kwetu. Sisi tukaenda dirisha la pili, lenye foleni fupi. Msichana wa ndani alitazama vumbi la miguu yetu, akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha:

"Nyabo, wewe nakosea laini. Kupokea iko dirisha ile."

"Hatukukosea," nilisema. "Tunatuma."

"Natuma wapi? Kampala?"

"Amerika."

Aliacha kuandika. "Nyinyi natoka wapi?"

"Nakivale."

"Banange! Watu ya Nakivale napokea. Amerika ndiyo natuma!"

Foleni ya kupokea ikageuka kututazama. Nilikuwa na jibu lake mdomoni, tena la moto, lakini Miriamu alinisogeza kwa kiwiko, akasukuma pesa na kitambulisho chake kwenye tundu. Msichana akabonyeza kompyuta yake, akauliza sababu ya kutuma: ni biashara, ni ada ya shule, ni nini?

"Andika ni ngombe," Miriamu alisema. "Mutoto wangu Chantal hana nyumba kule Amerika. Analala mu gari na mutoto wake. Sisi njo jamaa yake, tunamuremera."

Alisema kwa sauti kubwa, na foleni zote mbili zikasikia.