Dakika Nne Chumba cha Pampu

Lori lilikuwa limeshaacha lami, na mji niliokuwa nikiishi umebaki mabati machache yanayometa nyuma yetu, ndipo dereva akaniuliza naenda wapi. Nilikuwa nimekaa naye mbele, begi magotini. Nyuma tulibeba saruji.

"Naenda kumwaibisha shemeji yangu," nikamwambia.

Alicheka mpaka akagusa honi. "Mzee, na mvi hizo? Kakufanya nini?"

"Alisema nilichungulia."

"Ulichungulia nini? Mke wa mtu bafuni?"

"Gemu."

Akaacha kucheka, akanitazama kama anayejiuliza amembeba nani. Sikumlaumu. Mambo haya ukiyasema kwa kifupi ni upuuzi mtupu. Ngoja niyaseme kwa kirefu.

Zamani nilikuwa fundi wa televisheni. Shule nilisoma vipande vipande, darasa moja mji huu, jingine mji ule, lakini chochote chenye kioo ukiniletea kimekufa unaondoka nacho kinaongea. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa karani wa bohari. Mwaka mmoja akapata mashine ya gemu, nami nikatoa televisheni kubwa niliyoifufua kwa mikono yangu, tukaviweka chumba cha mbele cha nyumba yake. Mashine yake, kioo changu. Ndivyo ulivyoanza ukumbi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya bunduki. Jina lake refu hakuna aliyelishika. Sisi tuliiita Kikosi. Mtu wako humwoni: unaona mkono wake tu na bunduki, kana kwamba macho ni yako. Baadaye ikatoka ya pili, ikatoka ya tatu, na wajuzi husema gemu zote za bunduki wanazocheza vijana leo ni wajukuu wa ile. Huenda. Mimi nakumbuka tulivyojifunza kidole kimoja kutembea na kingine kutazama, watu wazima na ndevu zetu, tukigonga kuta na kutazama dari mpaka vidole vikapata akili.

Leo kila mchezaji ana kioo chake, na adui yake yuko nchi asiyoijua. Sisi tulikuwa wawili kwenye kioo kimoja kilichogawanywa katikati. Mwenye pedi ya kwanza ya kuchezea alikuwa na nusu ya juu, akakaa kitini. Wa pili nusu ya chini, akakaa sakafuni mbele ya magoti ya mwenzake. Hapakuwa na ramani ya kukuonyesha adui alipo, wala kishindo cha miguu. Unamtaka? Mtafute. Au shusha jicho kidogo, utazame nusu yake. Hiyo ndiyo iliyoitwa kuchungulia, na kwetu ilikuwa afadhali mtu akuite mlevi. Siri zote za adui ziko mbele ya pua yako, na heshima yako ni kutozitazama.

Shemeji tulimwita Kamanda, maana alipenda kuamrisha. Mwaka wa tatu wa ukumbi tukakutana fainali, Jumamosi mchana, chumba kimejaa hadi dirishani. Wa kwanza kuua mara kumi ndiye mshindi. Mimi tisa, yeye sita. Hapo akanyanyuka na kutupa pedi.

"Anachungulia huyu! Mtazameni jicho lake!"

Na mtu akishaambiwa alitazame jicho lako, ataliona tu limekaa vibaya. Nikaapa, nikalia, nikazidi kuonekana mjinga. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshapewa jina: Jicho. Nikipita mtaani, watu wanafunika jicho moja kwa kiganja. Wateja wakapungua, maana nani anamwachia televisheni mtu anayeiba kwa macho? Kamanda akakata kadibodi, akaibandika katikati ya kioo changu kama rafu, asiye mwaminifu asione ng'ambo. Akaiita Ukuta. Wakamsifu kwa haki yake.

Nilivumilia miaka miwili. Kisha mama akafariki. Tukiwa makaburini, nimeshika sepetu, nikainua uso, nikamwona mtu upande wa pili wa kaburi amefunika jicho. Na wa pembeni yake anajizuia kucheka.

Wiki ile nikaondoka. Nimelala miji mingi kuliko vyeti nilivyonavyo.

Miaka kumi baadaye, kwenye mji mmoja wa machimbo, mtu akaniletea mashine kama ile itengenezwe, gemu ikiwa ndani. Hakurudi kuichukua. Nikaitengeneza, nikaijaribu peke yangu. Nikaingia kiwandani, uwanja wa mapambano tulioupenda kuliko mwingine wowote. Kiwanda kile kina vyumba viwili vya pampu, cha juu na cha chini, ngazi fupi katikati. Vimefanana kama pacha: vigae vya kijani, mabomba, pipa kwenye kona. Tofauti ni moja. Cha chini kina tundu la maji sakafuni, na usipoinamisha macho hulioni.

Nikasimama kona ya pipa, chumba cha chini, na kumbukumbu ikanipiga kama teke la punda. Zamani, mara nyingi, nikiwa nimejificha pale, Kamanda alikuwa akivamia chumba cha juu na kuimiminia risasi kona ya pipa isiyo na mtu. Tulikuwa tunacheka. Tukisema Kamanda ana pupa.

Pupa gani? Yule alikuwa akiona vigae vyangu vya kijani kwenye nusu yangu, akakosea ghorofa. Kosa lile hawezi kulifanya asiyechungulia. Nilikaa chini na bisibisi mkononi, nikacheka.

Tangu siku hiyo nikawa nafanya mazoezi. Watu wengine husali.

Mwaka huo wa lori, mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiendesha ukumbi, akanipigia simu.

"Mjomba, ukumbi unatimiza miaka ishirini na mitano. Wacheza Kikosi wa zamani wanakuja wote. Na wewe njoo. Mambo ya kale yaishe."

"Baba yako atacheza?"

"Atacheza. Mjomba, unakuja kwa amani?"

"Nakuja kucheza."

Nikafikia kwa dada. Alifungua mlango, akanishika mabega.

"Kaka, umekonda."

"Njia hailishi mtu."

Akanipa chai, akakaa mbele yangu, kidole kinazunguka mdomo wa kikombe. "Najua ulichokuja kufanya. Mwenzangu ana presha. Daktari kasema asitiwe hasira."

"Sitamtia hasira. Nitacheza naye."

"Wewe utacheza, utaondoka. Mimi nitabaki naye humu ndani."

"Mama alizikwa watu wakinifunikia jicho. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalia, kaka. Ulitaka niwe wapi?"

"Ulikuwa unajua kwamba ni yeye?"

Alinisogezea kikombe. "Kunywa," akasema. "Chai inapoa."

Ukumbi ulikuwa umepanuliwa. Mashine mpya zimepangwa safu, kila moja na kioo chake, vijana wamevaa spika za masikioni, hakuna anayemsikia mwenzake. Lakini mbele kabisa, juu ya meza, ilikuwepo televisheni yangu. Ukutani, picha kubwa ya Kamanda, na chini yake kadibodi ya kwanza ndani ya fremu. Pembeni yake wamechora jicho moja, bila jina. Hapakuhitajika jina. Niliwasikia vijana wawili wakigombana: "Acha ujicho, wewe!" Hawakujua kwamba huyo jicho kasimama nyuma yao.

"Shem!" Kamanda akaita mbele ya watu wote. Alikuwa amenenepa, anatembelea fimbo, na meno yake mapya yalimkaa vizuri. "Jicho limerudi! Funikeni vioo!"

Wakacheka. Nikangoja waishe.

"Nimerudi, shem. Naomba tucheze kama zamani, bila Ukuta. Au siku hizi macho yako hayatulii?"

Ukumbi ukafanya "Ooooh!" Kamanda akatazama kulia, akatazama kushoto. Mwanamume aliyesifiwa kwa haki miaka yote hiyo angesema nini?

"Msiweke kadibodi," akasema. "Mimi namwogopa nani?"

Yeye akaketi kitini, mimi sakafuni. Mpwa wangu akawa mwamuzi. Picha ikarushwa pia kwenye ukuta wa nyuma yetu ili watu wote waone, zaidi ya mia.

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha pampu cha chini. Niliingia kinyumenyume, uso ukutani, nusu yangu ikawa vigae vya kijani na ubavu wa pipa, basi. Nikasimama. Nyuma yangu nilisikia kiti kikilia, kama mtu aliyejisogeza kidogo. Kamanda alikuwa mbali, upande wa magodauni, kama nilivyosimuliwa baadaye; macho yangu sikuyapandisha. Akageuka. Akakimbia korido nzima bila kutazama mlango hata mmoja, akavamia chumba cha pampu cha juu, akaimiminia kona risasi. Mimi nikainamisha macho taratibu, watu wote waone tundu la maji. Kisha nikapanda ngazi, nikampiga mgongoni.

Watu wakacheka. "Bahati mbaya," akasema.

Mara ya pili nikaingia kile cha juu, kinyumenyume vilevile. Nilijua atafikiri nimerudi chini. Akatoka magodauni, korido ileile, mbio zilezile, chini. Nikamngoja juu ya ngazi, nikampiga alipopanda.

Safari hii hawakucheka. Kinyozi wa mtaa, mzee mwenzetu aliyekuwepo tangu mwanzo, akainua mkono kama yuko darasani.

"Kamanda, samahani. Nani kakwambia yuko vyumba vya pampu?"

"Nimekisia."

"Mara mbili?"

"Wewe kata nywele, gemu tuachie sisi."

"Nauliza tu, ndugu yangu. Kiwanda kina vyumba kumi na saba. Mimi nyumba yangu ina vitatu, na nikimtafuta mke wangu sianzi na alichomo."

Ukumbi ulilipuka, kisha wote kwa pamoja wakamgeukia Kamanda, kama watu walioelewa. Mpwa wangu alikuwa amesimama na saa mkononi, anamtazama baba yake.

"Mpwa wangu," nikasema, "lete Ukuta. Tumalizie kwa haki. Dakika nne."

Akaitoa kadibodi kwenye fremu mwenyewe, akaibandika katikati ya kioo. Aliinyoosha vizuri.

Nikaenda chumba cha pampu cha chini, kona ya pipa. Nikasimama.

Sasa sikia. Kamanda hakuwa mpumbavu. Angeweza kukisia kwamba nimerudi palepale. Lakini angeendaje? Akienda moja kwa moja, watu mia watasema kachungulia hata kupita kadibodi. Asipoenda, hanipati. Mtego ule ungemnasa hata mtu mkweli, na niliutega hivyo makusudi, maana ndivyo alivyonifanyia: nikitazama, nimechungulia, nisipotazama, najifanya.

Akaanza kutembea; haya pia nilisimuliwa. Magodauni. Jikoni. Ofisi. Akafungua milango aliyokuwa hajaifungua kwa miaka. Alifika mlango wa pampu, akasimama, akageuka. Dakika ya pili akaufikia tena, akageuka tena. Akajigonga kwenye kuta kama mgeni. Nusu yangu haikutikisika: vigae vya kijani. Watu walituona wote wawili ukutani, mmoja anatangatanga, mwingine katulia. Nilisikia pumzi zake juu ya kichwa changu, nzito, na magoti yake yakinigusa mgongo.

Dakika ya tatu, sauti ya dada yangu ikatoka nyuma ya ukumbi. Sikujua kama alikuwepo.

"Kaka, mmalize basi."

Nilikuwa na bunduki imejaa. Ngazi moja, korido moja, ingekuwa imekwisha. Sikusogea.

"Kaka. Tafadhali."

Nilimwacha atembee mpaka saa ikalia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma akainua kiganja, akafunika jicho. Akafuata wa pili. Kisha safu nzima, wakimtazama Kamanda, na baadhi yao walikuwa wadogo mno kujua kwa nini. Miaka yote niliwaza siku hiyo nitapiga kelele za furaha. Niliona utamu wake, sitadanganya. Ulikuwa mtamu kweli.

Kamanda aliinama kana kwamba anatafuta fimbo yake. Mdomo wake ukawa karibu na sikio langu.

"Shem," akasema polepole, "vile vyumba sikuwahi kuvitofautisha."

Hakuna mwingine aliyesikia. Neno hilo nimelisema leo kwa mara ya kwanza.

Kamanda hakukanyaga tena ukumbini. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, akafa hospitali kwa presha, asubuhi. Mimi nilipata habari ameshazikwa wiki mbili. Dada alihamia kwa binti yake. Simu zangu hapokei. Safari moja alipokea, akanyamaza mpaka salio langu likaisha. Mpwa alibandua picha ya baba yake na ule mchoro wa jicho siku moja, akapaka ukuta rangi nyeupe. Baadaye aliufunga ukumbi, sasa anafundisha kompyuta katika chuo. Hunitumia salamu za mwaka mpya, fupi. Kinyozi ameacha kazi kwa sababu ya mkono unaomuuma. Mtaani kwetu wameanza tena kuniita Fundi, nimeambiwa, ingawa vijana wanaendelea kusema "ujicho" kwa yeyote anayechungulia, hata wasio na kioo cha kuchungulia. Dereva wa saruji sijamwona tena. Mimi nabadilisha vioo vya simu sokoni, mji mwingine, na mwezi ujao nahama.